Nafuu ya Umeme Iwe ya Nani?



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tangazo hilo husomwa redioni kwa dakika chache, kisha nchi nzima hulipigia hesabu kwa mwezi mzima. Mwenye daladala hulisikiliza. Mwenye mashine ya kusaga kijijini hulisikiliza. Mama auzaye nyanya sokoni, hata kama hajawahi kushika usukani maishani mwake, naye hulisikiliza, kwa maana anajua kwamba tenga la nyanya halitembei kwa miguu.

Katika juma la tangazo kama hilo, kijana mmoja wa Jumuiya yetu alitujia ofisini. Ni dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili. Baada ya kutusalimu Tumsifu Yesu Kristo, alitoa karatasi mfukoni akasema: "Baba, nimechoka kumfanyia kazi mwenye sheli. Nataka kuhamia pikipiki ya umeme. Ila mkataba wenyewe ni wa Kiingereza. Naomba unisomee kabla sijaweka sahihi." Tuliisoma karatasi ile pamoja naye, mstari kwa mstari, tukiwa na kalamu na karatasi nyingine ya kupigia hesabu. Tuliyoyaona humo ndiyo yaliyotusukuma kuandika tahariri hii.

Watu wengi leo huuliza kama gari au pikipiki ya umeme ina gharama ndogo kuliko ya petroli. Swali hilo ni halali, nasi tutalijibu kwa tarakimu. Lakini kuna swali la pili lisiloulizwa vya kutosha, nalo ndilo la haki: nafuu hiyo ikishapatikana, itaingia mfuko wa nani?

Bei itokayo mbali

Nchi yetu haichimbi mafuta ya petroli. Kila tone tunalolichoma huja kwa meli na kushushwa katika bandari za Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Bei yake hupangwa katika soko la dunia na hulipwa kwa dola. Juu ya bei hiyo huongezwa gharama za meli na bima, gharama za bandari, kodi na tozo za Serikali, faida ya muuzaji wa jumla na ya muuzaji wa rejareja, na mwishowe gharama ya lori la kuyafikisha yanakohitajiwa. Ndiyo sababu mkulima wa kahawa wa Kyerwa, mkoani Kagera, hununua lita moja kwa bei iliyo juu kuliko ile anayolipa mkazi wa Dar es Salaam. Aliye mbali zaidi na bandari, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo zaidi, ndiye alipaye zaidi.

Wazee wetu hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Wanakumbuka jinsi bei ya mafuta duniani ilivyopanda ghafla mwaka 1973, na tena mwaka 1979, hata sehemu kubwa ya fedha za kigeni zilizopatikana kwa pamba, kahawa na mkonge ikaishia kununulia mafuta. Wanakumbuka pia nyakati ambazo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Kizazi cha sasa nacho kimepata somo lake. Mwezi Februari 2022 vita vilianza Ukraine, na mwezi uliofuata bei ya pipa ilivuka dola 120. Kuanzia Juni mwaka huo Serikali yetu ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili bei isivuke uwezo wa wananchi. Oktoba 2023 lita moja ya petroli jijini Dar es Salaam ilifika shilingi 3,281. Vita vilipiganwa maelfu ya kilometa kutoka kwetu. Nauli ilipanda Tandahimba.

Si yote yatokayo nje, hata hivyo. Mwaka 2023 Serikali yenyewe iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili kugharimia miradi mikubwa ya taifa. Hatusemi kwamba kodi ni uonevu. Barabara hazijijengi zenyewe, na zahanati haziendeshwi kwa maneno. Tunachosema ni kwamba kodi iliyowekwa juu ya lita haimuulizi mlipaji kama ni tajiri au maskini. Dereva wa bodaboda aunguzaye lita tatu kwa siku hulipa tozo ile ile kwa lita kama mkurugenzi aliye katika gari lenye kiyoyozi, na tena yeye hulipa kutoka katika mapato ya siku hiyo hiyo, kabla watoto wake hawajala.

Hesabu ya siku moja

Sasa tuzipige hesabu, nasi tunamwomba kila msomaji aweke bei za mahali pake. Tuchukue mfano wa petroli ya shilingi 3,000 kwa lita, na umeme wa Luku kwa bei ambayo wengi wetu tumeizoea, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo zake.

Tuanze na gari dogo la abiria. Likitumia lita 8 kwa kilometa 100, mafuta yake yatagharimu shilingi 24,000. Gari la umeme la ukubwa huo, likitumia uniti 18 kwa mwendo huo huo, litagharimu takriban shilingi 6,400. Hiyo ni karibu robo ya gharama ya petroli.

Tuje kwa pikipiki, ambayo ndiyo gari la mtu wa kawaida. Bodaboda anayetembea kilometa 120 kwa siku, kwa pikipiki inayotumia lita mbili na nusu kwa kilometa 100, ataunguza lita 3, yaani shilingi 9,000. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huo itahitaji uniti zipatazo 5, yaani shilingi 1,780. Tofauti ni shilingi 7,220 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni shilingi 187,720. Aidha, pikipiki ya umeme haihitaji oili ya injini, wala plagi, wala kabureta, ingawa tairi na breki zitalika kama kawaida.

Nafuu hii si ya kubuni wala si mazingaombwe ya wafanyabiashara. Inatokana na maumbile ya mashine zenyewe. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kwa njia ya joto, na takriban robo tu ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya robo tatu ya umeme inaoupokea kuwa mwendo. Tena umeme wetu hauji kwa meli. Sehemu kubwa hutokana na maji na gesi ya nchi yetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mtambo wa tisa, ambao ni wa mwisho, ulikamilika mwaka 2025. Bei ya umeme huo haipandi kwa sababu ya vita vya mbali, na kabla ya kubadilishwa yapasa kuwe na taftishi ya umma ambamo mwananchi ana haki ya kusimama na kusema.

Hapa tuseme jambo ambalo ndilo msingi wa hoja yetu. Bwawa lile limejengwa kwa fedha za walipa kodi wa nchi hii. Miongoni mwao yumo bodaboda, aliyelipa tozo katika kila lita, na yumo mama wa nyanya, aliyelipa nauli iliyobeba tozo hiyo. Kwa mantiki hiyo, nafuu itokayo Rufiji si zawadi ya mwenye mtaji kwa maskini. Maskini wamekwisha kuilipia.

Karatasi ya kijana wetu

Turudi sasa kwenye ile karatasi. Kwa mkataba wa kawaida wa pikipiki ya petroli, kijana wetu alikuwa amezoea kupeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku ya kazi kwa miezi 12, kisha pikipiki inakuwa yake. Mkataba mpya wa pikipiki ya umeme ulidai hesabu ya shilingi 12,000 kwa siku kwa miezi 18. Betri ingebaki kuwa mali ya mwenye mtaji daima. Dereva asingeruhusiwa kuichaji nyumbani. Angepaswa kuibadilisha katika kituo cha mwenye mtaji kwa shilingi 3,000 kila mara, na kwa kilometa 120 angehitaji kuibadilisha mara mbili. Mwenye mtaji angeweza kupandisha bei ya kubadilisha wakati wowote. Endapo dereva angechelewesha hesabu kwa siku tatu, pikipiki ingezimwa kwa mitambo akiwa popote alipo, na fedha alizokwisha kulipa zisingerudishwa.

Kwa haraka haraka mpango huo unavutia. Kwa petroli kijana angetoa hesabu shilingi 10,000 na mafuta shilingi 9,000, jumla 19,000 kwa siku. Kwa umeme angetoa shilingi 12,000 na betri 6,000, jumla 18,000. Anaokoa shilingi 1,000 kila siku. Muuzaji alimwonyesha hesabu hiyo, nayo ni sahihi.

Lakini muuzaji hakumwonyesha hesabu ya miezi yote 18. Kwa petroli angelipa shilingi 19,000 kwa siku katika miezi 12 ya mkataba, na shilingi 9,000 tu katika miezi sita inayofuata, kwa kuwa pikipiki imekwisha kuwa yake. Jumla ni shilingi 7,332,000. Kwa umeme angelipa shilingi 18,000 kwa siku katika miezi yote 18, jumla shilingi 8,424,000. Yule aliyeahidiwa nafuu angelipa shilingi 1,092,000 zaidi, na mwisho wa yote angemiliki pikipiki isiyo na betri, ambayo ni sawa na jembe lisilo na mpini.

Yuko atakayesema kwamba tumesahau oili na matengenezo ya injini. Ni kweli, gharama hizo zitapunguza pengo, na kwa pikipiki chakavu huenda zikalimaliza. Mwingine atasema kwamba mwenye mtaji naye ana gharama: betri ni ghali na huchakaa, kituo kina kodi ya pango, wafanyakazi wana mishahara. Hilo nalo ni kweli, wala hatumnyimi faida ya haki. Lakini umeme wa shilingi 1,780 unapouzwa kwa shilingi 6,000, na mnunuzi akakatazwa kuutafuta mahali pengine, tuna haki ya kuuliza ni sehemu gani ya tofauti hiyo iliyo gharama na ni sehemu gani iliyo unyonyaji. Kijana huyu alitaka kumkimbia mwenye sheli. Kumbe angejifunga kwa bwana mwingine, naye huyu ana uwezo wa kumzimia pikipiki akiwa katikati ya safari, labda amembeba mama mjamzito kumpeleka zahanati.

Hatudai kwamba kila mkataba wa pikipiki za umeme uko hivyo. Ipo iliyo bora, na yapo makampuni yanayofanya biashara hii kwa uaminifu. Lakini sheria ya haki haiandikwi kwa ajili ya waaminifu.

Tulipiga na hesabu ya tatu. Kama kijana huyu angenunua pikipiki na betri yake kwa mkopo wa riba nafuu, na kuichaji kwa Luku, ile tofauti ya shilingi 7,220 kwa siku ingefika shilingi 3,378,960 katika miezi 18. Fedha hiyo ingesaidia kulipa mkopo wenyewe, na baada ya hapo kila senti ingekuwa ya watoto wake. Mashine ni ile ile, barabara ni ile ile, umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni umiliki wa betri.

Mambo tusiyoweza kuyanyamazia

Kwa kuwa tumejiwekea kanuni ya kusema ukweli wote, tutaje pia matatizo ambayo washabiki wa umeme hupenda kuyaruka.

Kwanza, umeme hukatika. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi yetu ilikuwa katika mgawo. Dereva ambaye betri yake imekwisha wakati wa mgawo hana kidumu cha akiba kama mwenzake wa petroli. Hali ya uzalishaji ni bora zaidi tangu mitambo ya Rufiji ikamilike, lakini nyaya na transfoma za mitaani ni jambo jingine.

Pili, nguzo kufika kijijini si sawa na taa kuwaka nyumbani. Karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme, lakini kaya nyingi bado hazijaunganishwa. Na aliyeunganishwa kwa bei ya chini, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, akianza kuchaji pikipiki atazivuka, maana pikipiki peke yake itahitaji uniti 130. Kwa hiyo ataingia katika bei ya kawaida, naye asipigie hesabu zake kwa bei ya zamani.

Tatu, kuna barabara. Matengenezo ya barabara zetu hutegemea Mfuko wa Barabara, na mfuko huo hutegemea tozo ya mafuta. Mwenye gari la umeme huitumia barabara bila kulipia tozo hiyo. Leo magari hayo ni machache. Yatakapokuwa mengi, na iwapo wa kwanza kuyanunua watakuwa wenye uwezo, tutajikuta katika hali ya ajabu: maskini aliyebaki na petroli akimtengenezea tajiri barabara.

Nne, betri hutengenezwa kwa madini, na madini hayo yana jasho la watu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huko Katanga, miongoni mwa ndugu zetu wasemao Kiswahili kama sisi. Pembezoni mwa Kolwezi watu huchimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na usalama, na watoto wamekutwa humo. Betri za aina nyingine, zile za chuma na fosfati, hazina kobalti, na pikipiki nyingi hutumia hizo; ni vyema mnunuzi aulize. Sisi wenyewe tuna grafiti Mahenge na nikeli Kabanga, wilayani Ngara. Wananchi wa huko wanapaswa kufaidi kwanza kabla hatujajisifu kwamba hewa ya mijini ni safi. Tena betri iliyochakaa isitupwe katika jalala wanakocheza watoto.

Matatizo haya hayaondoi nafuu tuliyoionyesha. Yanatuonya tu kwamba mabadiliko makubwa yakiachiwa soko peke yake huwabeba walio na uwezo na kuwaacha wengine kituoni.

Majirani zetu

Wenzetu hawakungoja. Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji na uhaba wa fedha za kigeni, ilizuia mwaka 2024 uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Rwanda iliamua kwamba kuanzia mwaka 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini Kigali ziwe za umeme. Kenya ilipanga mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi nyakati za usiku ambapo matumizi mengine ni madogo.

Hatusemi tuwaige katika kila jambo. Amri ya kuzuia petroli, isipotanguliwa na mikopo na vituo, inaweza kumnyima riziki yule yule tunayetaka kumsaidia. Lakini tunajifunza kwamba jambo hili huamuliwa na sera. Halishuki kama mvua. Na sera zikiandikwa bila wanyonge kuwapo mezani, huandikwa dhidi yao.

Kazi kabla ya mtaji

Kanisa halina ufundi wa mota wala wa betri, wala halimwambii mtu anunue chombo gani. Lakini lina fundisho juu ya kazi. Katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya mwanadamu, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba kazi hutangulia mtaji, kwa maana mtaji ni chombo na mfanyakazi ni mtu. Katika waraka wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, Papa Fransisko alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Mafundisho hayo mawili yanakutana katika kiti cha bodaboda. Chombo kisichotoa moshi ni chema kwa mapafu ya watoto wetu na kwa uumbaji wote. Lakini moshi ukiondoka na unyonyaji ukabaki, tumesafisha hewa tu.

Yatupasayo kutenda

Kwa Serikali tunaomba mambo manne. Mikataba ya vyombo vya usafiri iandikwe kwa Kiswahili, na itaje jumla ya fedha zote zitakazolipwa hadi mwisho. Pasiwepo ruhusa ya kuzima chombo kikiwa barabarani, wala kumnyang'anya mtu aliyekwisha kulipa sehemu kubwa bila kumrudishia haki yake. Bei ya kubadilisha betri iwekwe chini ya udhibiti na kutangazwa hadharani, kama inavyotangazwa bei ya petroli. Na mchango wa magari ya umeme kwa barabara upangwe mapema kwa kuzingatia uzito na uwezo, ili pikipiki isibebeshwe mzigo wa gari la kifahari.

Kwa wenye mitaji tunasema: pateni faida, lakini iwe ile mnayoweza kumweleza dereva uso kwa uso, kwa lugha anayoielewa. Mpeni nafasi ya kununua betri yake siku moja.

Kwa ninyi viongozi wa walei, kazi yenu iko karibu zaidi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo akina mama wa WAWATA wameviendesha kwa uaminifu wa miaka mingi, vinaweza kuwakopesha vijana watano wanaodhaminiana kwa riba nafuu kuliko ya mkataba wowote. Paroko na Halmashauri ya Walei wanaweza kuangalia kama jengo la parokia lenye umeme linaweza kuwa mahali pa kuchajia kwa gharama halisi. Na katika kila parokia wapo walimu, makarani na wastaafu wanaosoma Kiingereza na kujua hesabu. Watenge saa moja kila Jumapili baada ya Misa kuwasomea watu mikataba. Hiyo ni kazi ya haki na amani, wala haihitaji bajeti.

Kijana wetu hakuweka sahihi siku ile. Alirudi kwa mwenye mtaji na maswali matatu tuliyoyaandika kwa Kiswahili: jumla yote ni kiasi gani, betri itakuwa ya nani, na nani ataamua bei ya kuibadilisha. La kwanza alijibiwa. La pili na la tatu aliambiwa angoje. Anaendelea na petroli yake, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anasikiliza redio pamoja nasi. Wenzake wanne wamekwisha kuuliza juu ya kikundi cha mkopo. Bado hatujui kama watafanikiwa. Tunajua tu kwamba safari hii wanaanza na hesabu mkononi.

Maswali ya kujadiliwa katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni nani wanaoendesha vyombo vya mkataba? Je, kila mmoja anaijua jumla ya fedha atakazokuwa amelipa mwishoni?

2. Bei ya mafuta ilipopanda mara ya mwisho, ni bei zipi nyingine zilizopanda mtaani au kijijini kwetu? Mafuta yaliposhuka, je, nazo zilishuka?

3. Iwapo usafiri wa umeme utafika kwetu, tungependa nafuu yake igawanywe vipi kati ya mwenye chombo, dereva na abiria?

4. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaweza kuanza na kijana mmoja? Nani atamdhamini?